Boti Ilifika kwa Wakati Wake

Jua huchelewa kuingia vyumba vya chini vya Kiponda, kwa hiyo Bi Tahiya Usi alisomesha mlango wazi, ubao ukiegemea kasha la nguo la marehemu mama yake. Wanafunzi wake walikuwa watembeza wageni, watu wazima waliojua kila uchochoro wa Mji Mkongwe, ila Kiingereza chao kilikwama kwenye maneno madogo. Walimjia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa mbili walishakwenda kazini.

Alikuwa na miaka sita tangu astaafu ualimu wa sekondari, na kanuni alishaziacha hukohuko skuli.

"Kanuni utaisahau kabla hujafika Forodhani," alikuwa akiwaambia. "Kisa hukisahau."

Kila jozi ya maneno yanayofanana aliifungia kisa cha mtu wa mjini. Palikuwa na Sabri, dereva, aliyempigia mgeni simu kumwambia gari iko njiani inakuja. Badala ya kusema *on the way* akasema *in the way*, yaani gari imeziba njia. Mgeni akatoka hotelini na wenzake wanne, mikono ya mashati wameikunja, tayari kuisukuma. Palikuwa na mtu wa Mtoni aitwaye Mwalim, aliyeposa mara tatu nyumba moja. Nyumba ilikuwa *at the end* ya barabara, mwisho kabisa. Na *in the end*, baada ya vikao vyote na halwa zote, akapewa mdogo wa yule aliyemtaka.

"Mwisho wa njia unauona ulipo," Bi Tahiya alisema. "Mwisho wa mambo ndio hujui utakutokea wapi."

Lakini hakumwingiza mtu darasani bila ya kumpigia hodi kwanza. Alikwenda nyumbani kwake, akakaa, akanywa alichopewa, ndipo akaomba. Sabri alicheka na kumruhusu. Wapo waliokataa, na visa vyao akaviacha, hata vile vilivyofaa kuliko vyote. Kisa cha mtu, alisema, kina mwenyewe.

Kilichofaa kuliko vyote kilikuwa cha Jokha, jirani yake. Nyumba zao ziligawana ukuta mmoja, na kwa miaka ishirini na saba sahani zilikuwa zikipita baina yao. Ya Jokha ikija na mikate ya kumimina, inarudi na visheti. Ya Tahiya ikienda na mchuzi wa pweza, inarudi na chochote, hata ndimu mbili. Sahani ya jirani hairudi tupu.

Mama yake Jokha alifariki alfajiri, Jokha mwenyewe yuko Dar es Salaam. Boti ya asubuhi ilijaa, akapata ya mchana. Iliandikwa kufika saa nane na nusu, na saa nane na nusu ikafunga gatini. Boti ilikuwa *on time*, kwa wakati wake uliopangwa. Jokha hakuwa *in time*: hakuwahi. Jeneza lilitoka baada ya sala ya adhuhuri, na alipoingia nyumbani aliwakuta wanawake wanakunja mikeka.

Nyuma ya kisa hicho kilikuwapo kingine, ambacho Jokha alimwambia Tahiya peke yake, mwaka mzima baadaye. Alikuwa amepigiwa simu siku mbili kabla kwamba mama anamwita. Akabaki Dar kwa harusi ya rafiki yake. Kaka zake waliamini simu haikumfikia.

Tahiya alipokwenda kuomba, Jokha alimkubalia nusu.

"Wasomeshe ya boti, shoga yangu, jina langu usilitie. Ya harusi hata usiiandike."

"Siandiki."

Na darasani hakuitamka kamwe. Lakini mwalimu ana maradhi yake: jambo lisiloandikwa huliona limekwishapotea. Usiku uleule aliandika kisa chote katika daftari lake la visa, jina na harusi, kwa penseli, kana kwamba penseli si maandishi. Daftari likalala chini ya kasha.

Qais ndiye aliyelitoa. Kati ya wote waliopita chumba kile, yeye ndiye Bi Tahiya aliyejivunia zaidi. Alikuja akichanganya kila kitu. Baada ya miaka miwili alikuwa akiwasahihisha wenziwe kwa upole, kwa sauti ya mwalimu wake. Alipoona kurasa zimeanza kutoboka, akajitolea kulipiga chapa daftari lote.

"Mchwa hana adabu, Mwalimu. Hajui kipi cha kula na kipi cha kuacha."

Akampa. Alilirudisha baada ya wiki mbili, limefungwa vizuri gazetini. Mwezi uliofuata akapata kazi Paje, kusomesha Kiingereza wafanyakazi wa hoteli, na Bi Tahiya akamwombea dua.

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja, darasa limekwisha, Jokha aliingia bila ya hodi, simu mkononi.

"Tazama hii. Khairat wa Amani kanletea."

Ilikuwa video. Kwenye kioo cha simu alikuwa Qais, shati limenyooshwa pasi. Alisomesha vizuri; Bi Tahiya hakuweza kulikana hilo. Kisha akasema, Bi Jokha wa Kiponda aliitwa na mamake anayekufa, naye yuko harusini anakata kiuno. Akakikata kidogo, na vicheko vya kupachikwa vikafuata. *The boat was on time. Bi Jokha was not in time!*

"Nani kamwambia?" Jokha aliuliza.

"Sikumwambia mtu, wallahi."

"Basi kajuaje?"

Bi Tahiya alilitazama kasha. "Niliandika."

Jokha aliizima simu. "Suud kanpigia jana. Kaka yangu yule hajawahi kunpigia bila ya salamu. Kasema neno moja tu: 'Kumbe uliitwa.'" Akashika mlango. "Mie nilikwambia usiandike, Tahiya."

Siku hiyohiyo Bi Tahiya alikwenda Paje, njia nzima akizitazama video nyingine za Qais. Qais alimjia mbio kwenye ukumbi wa hoteli, akainama.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Ifute ya Jokha."

Hakujifanya haelewi. "Si kisa tu? Wewe mwenyewe ulitwambia kisa hakisahauliki."

"Nilikwambia pia hodi hupigwa kwanza."

Akaifuta mbele yake, kidole kimoja. "Nshaifuta."

"Na walioitazama?"

"Hao siwezi, Mwalimu. Washarushiana."

"Visa vyote umevisomesha huko. Jina langu sikulisikia hata mahali pamoja."

Qais alicheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa. "Ningelitaja, watu wangekuja kusoma kwako."

Alilisema kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomuuma njia nzima ya kurudi. Mwizi wa kuapa na kukataa angejua la kumfanya. Huyu alikuwa mwanafunzi wake, naye alichukua kilichoandikwa. Kisichoandikwa asingekipata.

Kesho yake alichoma visheti, akavipanga katika sahani ya Jokha, ile ya maua ya buluu iliyokuwa kwake tangu wiki iliyopita. Akapiga hodi, mara tatu kama inavyopasa.

"Nimekuja kutaka radhi."

Jokha aliipokea sahani, akaingia nayo ndani. Maji yalisikika yakimwagika. Alirudi na sahani nyingine, ya Tahiya, aliyoletewa mchuzi siku za nyuma. Imeoshwa, haijakauka, haina kitu.

"Ahsante, jirani," alisema.

Katika miaka ishirini na saba alikuwa hajawahi kumwita jirani.

Wiki iliyofuata darasa lilifika kwenye jozi ile. Bi Tahiya aliandika ubaoni *on time*, chini yake *in time*, akaanza kusoma maelezo kutoka kitabu cha skuli, polepole, ili wayaandike.

"Na kisa chake, Mwalimu?" mmoja aliuliza. "Kila jozi ina kisa."

"Hii haina."

Upande wa pili wa ukuta kinu kilikuwa kikitwangwa. Mchi ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea.