Tai ya Hubert

Irmtrud Kessenich, mwoka mikate wa mtaa wetu hapa Köln, ni mpole mwaka mzima isipokuwa Alhamisi ya kanivali. Siku hiyo wanawake hushika mikasi: mwanamume akipita na tai shingoni hukatwa tai yake, kisha hupozwa kwa busu la shavuni.

Miaka sita iliyopita Hubert, mgane kutoka Bremen, alikuja kutazama kanivali na tai yake ya hariri. Irmtrud akaikata.

“Wewe mama una wazimu? Naita polisi!”

“Waite, nao nitawakata tai!” Akambusu.

Polisi hawakuitwa. Tangu hapo Hubert hakosi, kila mwaka na tai mpya. Na msiniambie anafuata maandamano ya kanivali. Mimi si mtoto.

Mwaka huu alifika shingo tupu.

“Tai iko wapi, mzee?” Irmtrud akauliza.

“Nimeisahau kwenye treni,” akasema, uso kama wa mfiwa.

Irmtrud akaingia dukani, akabandua ukutani kipande cha ile hariri ya kwanza, akakibana kwa pini kwenye kola ya Hubert, akakikata tena.

“Haya, lete shavu.”