Mwanamke Anayepima Mitetemo ya Meli

Saa moja asubuhi, mhandisi amelala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba cha mpishi, nyuma kabisa ya meli ya abiria iliyo safarini. Anabandika kipima mtetemo kwenye chuma. Mpishi anachungulia mlangoni.

"Dada, umeanguka?"

"Sijaanguka, kaka. Napima kinachokunyima usingizi."

Mpishi anacheka bila furaha. Tangu meli ifungwe propela mpya, vyombo vyake havitulii rafuni, redio yake haisikiki, na ameshaandika barua ya kuomba kuacha kazi. Kibaya zaidi, maungio ya chuma upande huo yameanza kupata nyufa.

Mabaharia wanamwita mhandisi huyu Mama Mtetemo. Alichagua fani hii baada ya kaka yake, fundi wa mashine melini, kurudi likizo akishika kikombe kwa mikono miwili. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa mitetemo ya mashine.

"Kila meli ina mdundo wake," anaeleza. "Ni kama mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kwa wakati wake, hata kwa kidole, anapaa."

Kuupata mdundo huo ni hesabu ndefu. Huigawa meli vipande vipande kwenye kompyuta, kisha hukokotoa uzito wa kila kipande na jinsi kinavyokataa kupinda. Huongeza na uzito wa maji, kwani meli ikitikisika, maji yaliyoizunguka hutikisika nayo. Safari hii jibu lilionyesha kwamba mapigo ya propela yanaangukia kwenye mdundo wa meli, katika mwendo uleule anaoupenda nahodha.

"Basi nipunguze?" nahodha anauliza kwenye simu ya ndani.

"Hapana, mzee. Ongeza kidogo. Pita hapo haraka, usikae."

"Binti, una hakika?"

"Hesabu nimeirudia mpaka nimeiota. Na mimi mwenyewe niko huku kwenye nyufa."

Injini inanguruma. Vyombo vinagongana rafuni, mpishi anang'ang'ania mlango. Mhandisi habandui macho kwenye skrini ya kipimo chake. Kisha sakafu inatulia, taratibu, kama mtu aliyemaliza kukohoa.

"Kumbe redio yangu huwa inaimba!" mpishi anapaza sauti.

Huo ni msaada wa muda tu. Nyufa zitazibwa na propela itabadilishwa meli ikipandishwa chelezoni, nchi kavu, kwa matengenezo. Mpishi amesema ataifikiria upya barua yake, ila alale kwanza.

Mama Mtetemo anasema kwa kawaida huitwa tu meli ikishaanza kulalamika. Wiki ijayo karakana ya kuunda meli inaanza kuchora meli mpya, na kwa mara ya kwanza amekaribishwa mezani kabla chuma hakijakatwa.

"Nitaanza na vyumba vya wafanyakazi," anasema akikunja nyaya zake. "Abiria akifika anashuka. Kwa hawa, hapa ndipo nyumbani."