Taa ya Betri Barabara ya Usinge

Mke wangu alilazwa hospitali ya Kitete, Tabora, akisubiri kujifungua mtoto wetu wa kwanza, akasema hataki mtu mwingine karibu yake ila mama yake. Mama huyo anaishi Usinge. Asubuhi hiyohiyo niliwasha gari kwenda kumchukua.

Kabla ya Urambo, taa nyekundu ya betri iliwaka. Nilikagua mkanda wa injini, ulikuwa umekaza. Nilipowasha tena, taa ikazimika.

Urambo, fundi alisema ni alteneta, ile mashine inayochaji betri gari linapotembea. Akanifungia nyingine. Nje ya mji, kwenye mashimo ya kwanza, taa ikawaka vilevile. Kaliua, fundi wa pili alipima gari likiunguruma limesimama, akasema chaji inaingia vizuri. Niliondoka sijui nimwamini nani, fundi au taa.

Usinge nilifika adhuhuri. Nilimwamkia mama mkwe macho yakiwa chini, naye akaketi kiti cha nyuma na kikapu chake. Kwa heshima ya ukwe hatukusemeshana. Njia hii ya Ujiji misafara ya zamani iliipita kwa miguu. Nilianza kuhofia nasi tutaitembea hivyo.

Tulipokaribia Kaliua, taa iliyokuwa ikiwaka na kuzimika haikuzimika tena. Gari likakohoa, likazima, msitu huku na huku. Nilifungua boneti nikainamia injini. Mama akashuka.

"Baba," akasema taratibu, "magari siyajui. Lakini taa hiyo ilikuwa ikiwaka kila tuliporuka shimo."

Basi kuna kitu kinachotikisika. Nilishika waya mnene utokao kwenye alteneta kwenda kwenye betri, nikaupinda. Ndani ya ganda lake nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika. Zilizobaki ziligusana na kuachana. Nilifungua nyaya za betri, nikakata sehemu mbovu, nikaunga upya na kukaza. Dereva wa lori aliyepita akatubusti, gari likawaka kwa umeme wa betri yake. Mashimo yote yaliyofuata, taa haikuwaka, nami niliikodolea macho hadi Tabora.

Kitete, mama aliingia wodini. Mimi nilibaki garini, injini ikiunguruma, bado siamini. Nilikuwa nimebadilisha kifaa kizima kabla ya kujiuliza taa inawaka lini.

Jua lilikuwa linazama mama aliporudi, kitenge kimemlegea begani.

"Zima gari, baba," akasema. "Wa kike. Wote wazima."