Sufuria ya Mama wa Masisi

Mwaka ule maboga yalizaa kama yamelogwa. Hapa Katoyi kila mutu anajua chini ni mawe ya volkano tu. Udongo tunauleta na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, tunaumwaga kati ya mawe, kiisha tunaomba Mungu. Kumbe safari hii Mungu alisikia kupita kiasi. Maboga yalipanda ukuta, yakapanda choo, moja likalala juu ya bati ya jikoni, tukaogopa litatuangukia tukiwa tunakula. Tunakula nini? Boga. Asubuhi boga, jioni boga na maharagi. Ingekuwa samaki ya Vitshumbi, nisingesema neno. Lakini boga! Hata mutu aliyeachia masomo darasa la tatu, kama mimi, anajua kuchoka.

Tugawe? Tuligawa. Lakini kwetu chombo cha mutu hakirudi kitupu. Bibi yangu, niliyemuoa mimi mwenyewe, anapeleka beseni ya maboga kwa jirani, kesho inarudi na maboga ya jirani, makubwa kuliko yetu. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka, sababu maboga ya chini yalianza kuoza, na njiani watu walikuwa wanapita na magodoro kichwani, vita inawafukuza.

Mama mumoja wa Masisi alifika na watoto wanne, akakaa katika nyumba isiyomalizika nyuma ya ukuta wetu. Alikuwa amebeba sufuria moja tu. Bibi yangu akamupelekea beseni yenye kujaa. Yule mama akaangalia maboga, akaangalia watoto, akaisukuma polepole.

"Asante, mama. Nitairudisha na nini?"

"Irudishe hivi hivi."

"Hivi hivi? Mimi si muombaji. Kwetu nilikuwa na shamba kubwa kuliko hii yenu."

Basi tukawa tunasikia watoto wanalia njaa nyuma ya ukuta, na sisi tumekalia maboga kama kuku juu ya mayai. Nikamushauri bibi yangu aache beseni mlangoni akimbie.

"Wewe muzee," akasema, "ungekuwa mwizi wangekushika siku ya kwanza."

Asubuhi akavaa kitenge cha misa, na haikuwa siku ya Mungu. Nikamufuata. Akaenda mikono mitupu.

"Mama, niazime sufuria yako. Yangu imetoboka."

Mimi nikakumbuka sufuria zetu tatu, nzima kabisa, nikaanza kukohoa. Akanikanyaga muguu. Lakini yule mama alisimama wima, mara ya kwanza tangu afike. Sasa ni yeye anayetoa. Jioni sufuria yake ikarudi imejaa boga na maharagi, mawese juu. Angekataa namna gani? Chombo cha mutu hakirudi kitupu.

Kesho yake bibi yangu akaazima tena. Na tena.

"Mama," yule mwingine akamuuliza siku moja, "sufuria yenu inatoboka kila siku?"

"Ni fundi. Ananidanganya."

"Basi huyo fundi, Mungu amubariki."

Kiisha bibi yangu akashikwa na homa, hakutoka. Jua linashuka, nikasikia hodi. Yule mama alisimama mlangoni na sufuria mikononi, ameisugua mpaka inang'aa.

"Papa, leo hamuazimi? Ao fundi amemaliza kazi?"

Nikaipokea na mikono miwili.

"Bado, mama. Na zile mbili zingine nazo zimetoboka."