Makohozi Niliyopeleka Hayakuwa ya Mama

Nilikosa, na sina wa kusingizia. Baridi ya mtaa wetu wa Kapsoya nimeshaisingizia, haikunisaidia.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Majirani husema wakiniona kwa geti, lazima kuna msiba. Kwa hivyo mama alipougua nimonia na dawa ya kwanza ikakataa kumsaidia, mimi nilipewa kazi moja tu: kupeleka kikopo maabara.

Daktari alitueleza polepole. Mama akohoe asubuhi kabla ya chai, makohozi yatoke kifuani, si mate. Wanataka kujua ni bakteria gani wamehamia huko ndani, ndio wapate dawa ya kuwatoa. Na kikopo kifike mapema, kisikae.

Mama alihangaika karibu nusu saa, ameshikilia meza, akapata kama kijiko kimoja. Akanipa kwa mikono miwili. Nikakiweka dirishani, nikarudi kwa blanketi dakika tano.

Niliamka saa sita. Jua lilikuwa limekipiga hicho kikopo vizuri sana.

Kumwambia arudie niliona aibu. Nikamwaga, nikasuuza, nikakohoa mwenyewe. Nilijitahidi hata. Jina la mama likabaki pale juu ya kikopo, nikakipeleka maabara hivyo hivyo.

Siku ya tatu majibu yakatoka: bakteria wa kawaida wa mdomoni, hakuna wa kutisha. Daktari akasema basi aendelee na dawa ile ile.

Baada ya siku mbili mama hangeweza kumaliza sentensi. Akalazwa, akawekewa oksijeni. Hapo ndipo nilisema ukweli, mbele yake. Daktari alichukua kikopo kingine, akampa mama. Safari hii walipata bakteria sugu, wale ambao dawa ya kwanza ilikuwa inawasalimia tu.

Mama aliinua ile barakoa ya oksijeni kidogo.

"Kumbe mwenye alipimwa akapatikana mzima ni wewe," akasema. Akairudisha.

Alipona, lakini pumzi haikurudi yote. Alikuwa anaanzisha nyimbo kwenye kwaya ya akina mama kanisani. Siku hizi anakaa nyuma, anawashikia wenzake mikoba.

Wewe unayesoma hii ukiwa kwa blanketi na kuna kikopo dirishani, amka. Na kama umeshachelewa, sema umechelewa. Mama angekohoa nusu saa nyingine, anitukane kidogo, halafu Jumapili aimbe.