Hodi Kwenye Kompyuta ya Tunu

Kila alipoitwa kwa Tunu, kule Temeke, fundi wa kompyuta alivua viatu mlangoni, akafuta vidole kwa leso, kisha akaiuliza mashine kwa sauti ya chini, kama aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, "Haya bibie, leo unaumwa nini?" Safari hii diski ilikuwa imejaa pomoni na Tunu hakujua imejazwa na nini. "We futa tu vyote vikubwa," alisema, "mie nataka ifanye kazi." Fundi hakubisha, ila hakuwa na tabia ya kufuta kitu asichokijua. Alikuta mafaili mazito ya sauti, akafungua moja asikilize. Spika zikakoroma, halafu mzee mmoja akaita, "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu!" fundi akaitikia palepale, akasogeza kiti kumpisha mgeni.

Tunu akaweka sinia la chai chini. "Marehemu baba huyo," alisema. "Kila Ijumaa alikuwa anakuja kuchezea kipaza sauti. Nilishasahau."

Fundi akaondoa kidole kwenye kitufe cha kufutia. "Basi tufute ile michezo yako ya karata, sista. Huyu nimeshamkaribisha, siwezi tena kumtoa nje."