Mkono wa Kushoto wa Hamimu

Mume wangu Hamimu hakuwa na kinyweleo hata kimoja kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kama wa mwanamume yeyote, lakini wa kushoto laini kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Haukuwa ugonjwa. Kila kisu alichonoa alikijaribu hapo. Vinyweleo vikianguka bila kuvutwa, anasema, "Chukua, mama, tayari." Miaka thelathini alinoa mbele ya mlango wetu, hapa Buyenzi, kwa kinoo ambacho baba yake alikuja nacho kutoka Ujiji. Mimi nimesoma hadi darasa la sita tu, lakini nasema bila haya: hakuna mwenye bucha wala fundi cherehani wa mtaa huu ambaye hakupita kwangu.

Sikukuu ya kuchinja ikikaribia, watu walipanga mstari toka asubuhi. Mtu akija na mbuzi wake kamba mkononi, Hamimu alimrudisha. "Mufiche kwanza nyuma ya nyumba. Munyama haoneshwi kisu kikinolewa." Watu walicheka, lakini walitii.

Halafu rais wetu akauawa, Oktoba 1993, makabila yakageukiana, na mapanga yakaanza kuja mengi, hata ya watu wasio na shamba. Hamimu akajiwekea sheria: visu vya jikoni na mikasi, karibu. Mwenye panga, alete kwanza kile anachokwenda kukata. Jani la mgomba, fungu la majani ya ng'ombe, chochote.

Siku moja akaja kijana mmoja, viatu vyake vinang'aa.

"Unakata nini?" Hamimu akamuuliza.

"Ndizi."

"Leta jani lake."

"Muzee, we ni munoaji ao polisi?"

"Mi ni munoaji. Polisi wangekunolea."

Waliokuwa wamekaa hapo walicheka hadi kijana akaondoka. Mimi sikulala vizuri wiki nzima, lakini nilijivuna. Sokoni nilitembea kama mke wa liwali.

Rafiki mkubwa wa Hamimu alikuwa Rénovat, jirani wa barabara ya pili. Alikata majani huko Kibenga, karibu na ziwa, akawauzia wenye ng'ombe mjini. Kabila lake silitaji, majani hayakumuuliza. Panga lake lilinolewa kila Jumatatu, naye kila Jumatatu aliweka fungu la majani miguuni pa Hamimu, anapiga saluti. "Kitambulisho changu hiki, shefu!"

Mwaka 1995 njia ya Kibenga ikafungwa kwa vizuizi. Alasiri moja Rénovat akaja na panga ndani ya gunia, mikono mitupu, wala hakupiga saluti.

"Hamimu, watu wanasema wauaji watakuja barabara yetu. Ninoleye."

Hamimu akalishika panga. Lilikuwa butu kabisa, limeshika kutu. Akanitazama mimi. Ndiyo, mimi. Nilikuwa napepeta mchele hapo hapo mlangoni.

Nikasema, "Baba Basma, ukimnolea huyu, kesho utamunyima nani?"

"Unanijua, ndugu yangu," Rénovat akasema.

"Nakujua," Hamimu akajibu. "Lakini leta jani."

Rénovat akalirudisha panga guniani polepole. "Mama Basma," akaniambia, na alitabasamu kidogo, "wewe ungefaa kuwa hakimu." Akaenda.

Siku ya tatu walikuja kweli barabara yao. Rénovat alifia kwenye mlango wake.

Watu walimfariji Hamimu. Walimwambia waliokuja walikuwa na bunduki, panga lingefanya nini, likate risasi? Yeye alijibu neno moja tu: "Labda." Nilingoja anilaumu. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Baada ya wiki mbili akaja Adélaïde, mjane wa Rénovat, kichwani fungu la majani mabichi. Aliyang'oa kwa mikono kwenye mtaro. Vidole vyake vilikuwa vimechanika. Akalitua miguuni pa Hamimu, akaweka juu yake lile panga.

"Nimeleta jani, Baba Basma. Sasa kazi yake ni yangu. Nina batoto bane."

Hakumsuta. Alisema kama mteja yeyote wa Jumatatu. Hamimu akamwaga maji kwenye kinoo, akanoa mpaka adhana ya Magharibi. Alipomaliza akalipitisha mkononi, vinyweleo vikaanguka. Akaliweka juu ya majani, bila kusema, "Chukua, mama, tayari." Adélaïde akalichukua mwenyewe, akaenda.

Jioni ile Hamimu aliweka kinoo chini ya mtungi wa maji, na hakukigusa tena. Akawa anauza mkaa. Wateja walikuja mpaka wakachoka.

Alifariki mwaka 2003, nami nilimwosha kwa mikono yangu, maana mke ana haki hiyo. Nilipofika kwenye mkono wa kushoto nikasimama, kopo la maji mkononi. Ulikuwa umeota vinyweleo, vingi, vyenye mvi, sawa na wa kulia.